Samaki Akiwa Hai Si Ushahidi Kwamba Maji ni Safi

Ukishuka matatu Rhonda saa kumi na mbili jioni, kabla hujafika kwenu unapita karibu kila kitu ambacho tumbo linaweza kutamani. Kuna chapati, mutura, mahindi ya kuchoma, viazi karai. Na kuna samaki. Wengine wamekaangwa tayari, wengine wako kwa beseni na bado wanang'aa. Bei iko chini kuliko ya soko la town. Ukiuliza wametoka wapi unaambiwa Naivasha. Ukiuliza mara ya pili unatazamwa vibaya.

Kuna hoja moja ambayo wasee wa mtaa huitoa kila mara mjadala huu unapozuka, na lazima tuiheshimu kwa sababu inasikika kuwa na akili: kama maji ya Ziwa Nakuru yangekuwa na sumu, si hao samaki wangekufa? Mbona wako hai, wanene, na wanaruka kwa wavu?

Ni swali zuri. Jibu lake ndilo tunalotaka kulijadili nawe leo, kwa sababu linagusa sahani yako, mto ulio nyuma ya nyumba yenu, na haki ambayo huenda hujui unayo.

Mwaka 2021 maafisa wa serikali waliwaonya wakazi wa Nakuru wasile samaki wa ziwa hilo, wakitaja madini mazito yaliyopatikana kwenye vipimo vya maabara. Onyo lilisomwa kwa redio, likazunguka WhatsApp siku mbili tatu, halafu likafifia. Bei ya unga ilipopanda, samaki wakarudi mezani. Huwezi kumlaumu mzazi mwenye watoto wanne na mia mbili mfukoni. Lakini unaweza kuuliza: hivyo vipimo viko wapi? Vilirudiwa lini? Na maji yanayoingia ziwani leo, wiki hii, nani ameyapima na kwa njia gani?

Beseni lisilo na tundu

Anza na ramani. Rhonda imekaa upande wa magharibi wa jiji, jirani na Kaptembwo, karibu na mabwawa ya majitaka ya Njoro. Harufu yake huhitaji kuelezwa, hasa upepo ukigeuka. Mabwawa hayo ni mojawapo ya vituo viwili vikubwa vya kusafisha majitaka ya Nakuru. Kingine ni kile cha zamani, upande wa mbuga. Kinachotoka kwenye vituo hivyo huelekea sehemu moja tu: Ziwa Nakuru.

Mto Njoro nao unateremka kutoka msitu wa Mau, unapita mji wa Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, unapita mashamba, unapita mitaa yetu, kisha unaingia ziwani. Njiani unabeba kila kitu: mbolea, dawa za shambani, maji ya kufulia, mafuta ya gereji, na cha vyoo vya shimo mvua inaponyesha.

Sasa sikiza hii, kwa maana ndiyo siri ya ziwa lenyewe. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayafanya mvuke, basi. Ni kama beseni lisilo na tundu. Maji hupaa, lakini risasi haipai. Kadmiamu haipai. Kromiamu haipai. Vinashuka kwenye tope la chini na kukaa. Gramu moja ya risasi iliyoingia wakati babu yako anafanya kazi kiwandani inaweza kuwa bado iko pale chini.

Hilo ndilo ziwa ambalo dunia nzima inalitambua. Lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar, mwaka 1990. Mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likawa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Watalii wanalipa dola kuliona. Wewe unaliona bure ukipanda paa la ploti. Ila ndiwe unayeishi na kinachoingia ndani yake.

Karatasi inasema nini

Kenya ina sheria, tena si mbaya. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilisema anayemwaga majitaka kwenye mazingira lazima awe na leseni ya NEMA, na zikaweka vipimo. Kwa mfano, pH ya maji yanayomwagwa iwe kati ya 6.5 na 8.5. Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 30 kwa lita. Uchafu unaokula oksijeni nao, ukipimwa kwa siku tano, usizidi miligramu 30 kwa lita. Risasi isizidi miligramu 0.01.

Kwa kiwanda kilichomwaga kwenye bomba la majitaka la umma, viwango vya kanuni hizo vilikuwa vya chini zaidi, kwa kuwa ilidhaniwa mabwawa yangemalizia kazi. Hapo uchafu ule ule unaokula oksijeni uliruhusiwa kufika miligramu 500 kwa lita. Risasi iliruhusiwa kufika miligramu 1, yaani mara mia moja ya kile kilichoruhusiwa mtoni.

Tuelewane. Mabwawa ya majitaka yanafanya kazi kwa kutumia bakteria na mwani. Bakteria wanakula kinyesi, mabaki ya chakula na sabuni nyingine. Wanajua kazi yao. Lakini bakteria hawali risasi. Na sumu kali ya kiwandani ikiwashukia kwa mkupuo, wao wenyewe wanakufa, na bwawa linabaki kuwa shimo la maji machafu.

Shida ya pili ni kwamba karatasi hujibu tu lile ulilouliza. Ukipeleka sampuli maabara ukaomba wapime pH, chembe na risasi, utarudishiwa pH, chembe na risasi. Kama ndani kulikuwa na kitu cha nne, karatasi itanyamaza. Na karatasi iliyonyamaza husomwa kana kwamba imesema "salama".

Mfano wa hapa kwetu ni pareto. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, na usindikaji wake ulikuwa hapa hapa Nakuru. Babu na nyanya wa wengi wenu walisomesha watoto kwa maua hayo. Dawa yake inaua mbu na mende na haimdhuru sana binadamu, ndiyo maana ilipendwa. Lakini kwa samaki ni sumu kali ajabu, hata kidogo tu kikiingia majini. Hatusemi kuna mtu aliyeimwaga. Tunasema hivi: ukipima pH, chembe na oksijeni pekee, dawa kama hiyo ingekupita mbele ya macho na usiione. Samaki angeiona.

Magadi hugeuza hesabu

Kuna mfano mwingine, na huu kila kijana aliyefanya kemia ya sekondari ataushika. Majitaka yana amonia, ambayo inatokana hasa na mkojo na kinyesi, na viwanda vingine huongeza yake. Katika maji, amonia huwa na sura mbili. Moja ina chaji na haimsumbui sana samaki. Nyingine haina chaji, inapenya kwenye matamvua, na hiyo ndiyo inayoua.

Ni sura gani itakuwa nyingi? Inategemea pH. Kwenye maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, sura ya sumu haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwenye pH 9 inafika zaidi ya theluthi moja. Kwenye pH 10 inapita asilimia 80.

Na Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi. Kwa miaka mingi pH yake imekuwa karibu 10, ingawa mafuriko ya miaka ya karibuni yameyapunguza makali maji yake. Kwa hiyo majitaka yale yale, yenye amonia ile ile, yanaweza kuwa mapole ndani ya bomba na yakawa sumu yakishachanganyika na ziwa. Ukiyapima pale bombani pekee na ukatosheka, umepima nusu ya hadithi.

Na ndiyo sababu samaki wa kwanza kuishi humu hakuwa samaki wa kawaida. Ni kale katilapia kadogo kutoka Ziwa Magadi, kalikoletwa Nakuru kuanzia miaka ya 1950 ili kale mabuu ya mbu. Wanasayansi wanakashangaa mpaka leo. Samaki wengi hutoa taka za mwilini kama amonia, lakini haka hutoa yurea, kama sisi tunavyofanya kwa mkojo. Mwili wake umejipanga kuishi mahali ambapo amonia haitoki kirahisi. Kalipozaana, ndege wala samaki kama mwari wakafuata, na ziwa likabadilika.

Kisha maji yakaanza kupanda. Kuanzia miaka ya 2010 ziwa lilipanuka kutoka kilomita mraba 40 hivi hadi kupita 60. Likameza lango la zamani la mbuga na kusogelea nyumba za watu. Chumvi ikapungua, na tilapia wa maji baridi wakaingia na kushamiri. Hao ndio walio kwa beseni la jioni.

Maswali matatu, si moja

Sasa turudi kwa swali la wasee: mbona wako hai?

Kosa la swali hilo ni kudhani sumu ina kazi moja tu, kuua papo hapo. Ukweli ni kwamba tunapaswa kuuliza maswali matatu tofauti, na kila moja lina kipimo chake.

Swali la kwanza: je, maji haya yanaua haraka? Kipimo chake ni rahisi kuliko unavyofikiria. Unachukua majitaka pale yanapotoka. Unatayarisha matangi madogo ya kioo. Tangi la kwanza ni majitaka matupu. La pili nusu kwa nusu na maji safi. La tatu robo, la nne nusu ya robo, na kuendelea. Tangi la mwisho ni maji safi pekee, hilo ndilo la kulinganishia. Kila tangi unatia idadi sawa ya vifaranga vya samaki, wa umri mmoja, kutoka kituo kimoja cha kuzalisha. Unapitisha hewa ili oksijeni isishuke, kwa sababu ukisahau hilo utasema ni sumu kumbe samaki wamekosa pumzi. Unasubiri saa 96, yaani siku nne, huku ukihesabu waliokufa kila siku.

Mwishoni unatafuta ni mchanganyiko gani uliua nusu ya samaki. Kama nusu walikufa kwenye majitaka matupu pekee, hiyo ni habari moja. Kama nusu walikufa hata kwenye tangi ambalo robo tatu ni maji safi, hiyo ni habari nyingine, na inatisha. Na kama samaki wa tangi la maji safi nao walikufa zaidi ya mmoja kati ya kumi, basi kipimo kizima kinatupwa na kurudiwa. Hiyo ndiyo heshima ya sayansi: inaweka njia ya kujikosoa kabla haijamkosoa mwingine.

Si lazima samaki pekee. Kuna kidudu kidogo cha maji kinachoitwa dafnia, ambacho huangaliwa kwa saa 48 kama bado kinaogelea. Kuna mwani, ambao huangaliwa kwa saa 72 kama unaongezeka au umedumaa. Mataifa mengi hutumia vipimo hivi vitatu kwa pamoja. Marekani imekuwa ikivitumia kwenye vibali vya kumwaga majitaka kwa miongo kadhaa. Wazo lao ni moja: badala ya kuuliza kila kemikali jina lake, muulize kiumbe kama anaweza kuishi humo.

Swali la pili: kama hayaui, je, yanadhoofisha? Samaki anaweza kuishi siku nne na bado asikue, asitage, au vifaranga vyake vizaliwe na mgongo uliopinda. Hilo linahitaji kipimo cha wiki kadhaa. Ni cha gharama zaidi, lakini kinaonyesha kile ambacho siku nne haziwezi.

Swali la tatu ndilo linalomhusu mteja wa beseni: je, kuna kitu kinachojikusanya ndani ya nyama? Hapa ndipo hoja ya mtaa inapoanguka. Zebaki, risasi na kadmiamu vinaweza kukaa mwilini mwa samaki bila kumuua. Anaogelea, ananenepa, anang'aa. Kisha wewe unamla leo, kesho, na mwezi ujao, nawe unakuwa beseni lisilo na tundu. Mtoto mdogo na mama mja mzito ndio wa kwanza kuumia, kwa sababu risasi na zebaki hushambulia ubongo unaokua. Kuvikaanga hakuviondoi. Limau haliviondoi. Kipimo chake ni kukata minofu, ini na matamvua na kuvipeleka maabara.

Kwa hiyo samaki aliye hai amejibu swali la kwanza tu, tena nusu. La tatu hawezi kulijibu mpaka apasuliwe.

Paka wa Minamata

Pengine unasema, sawa, wapime basi tumalizane. Ngoja kwanza tukupe hadithi ya kweli kutoka Japani, kwa sababu kupima peke yake hakutoshi.

Mji unaitwa Minamata. Mwaka 1956 watu wa pwani yake walianza kuletwa hospitalini wakitetemeka, wakishindwa kutembea na kuongea. Kabla yao paka walikuwa wameonekana wakicheza-cheza kama walevi na kuanguka baharini. Wote, watu na paka, walikuwa wakila samaki wa ghuba hiyo. Kwenye ghuba hiyo kiwanda cha kemikali cha Chisso kilikuwa kinamwaga majitaka yake.

Daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, aliamua kupima. Alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda. Kwenye daftari lake alikuwa paka nambari 400. Mwezi Oktoba 1959 paka huyo alianza kutetemeka vile vile. Jibu lilikuwa limepatikana.

Kampuni ililificha. Majaribio yakasimamishwa, na kiwanda kikaendelea kumwaga zebaki mpaka 1968. Miaka tisa baada ya paka yule. Hesabu ni watoto wangapi walizaliwa katika miaka hiyo tisa.

Somo si kwamba Wajapani hawakuwa na maabara. Walikuwa nayo. Somo ni kwamba matokeo yaliyofungiwa kwa kabati hayana tofauti na kutopima kabisa. Ni mabaya zaidi, maana kuna mtu anayejua na amenyamaza.

Hoja za upande wa pili

Tuwe wa haki. Kuna watu wanaosema: mkianza kuvibana viwanda, vitahamia kwingine, na vijana wa Rhonda ndio watakaokosa kazi. Si hofu ya bure. Nakuru imeona viwanda vikifungwa, na mtaa huu ulijengwa na watu waliokuja kutafuta kibarua. Ila kipimo cha samaki hakifungi kiwanda. Kinaonyesha shida iko wapi, ili kiwanda kirekebishe mtambo wake wa kusafisha kabla mambo hayajafika mahakamani. Mwenye kiwanda anayesafisha maji yake vizuri ndiye wa kwanza kufaidika, kwa sababu leo analaumiwa pamoja na yule asiyejali.

Wengine wanasema si viwanda pekee. Kweli kabisa. Floraidi inayowafanya wengi wetu kuwa na meno ya rangi ya chai haikuletwa na kiwanda, imo kwenye miamba ya Bonde la Ufa. Gereji zinamwaga mafuta kwa mtaro. Mashamba ya juu yanateremsha dawa. Sisi wenyewe tunatupa betri na taka pale mvua itakapozibeba. Ndiyo sababu hasa ya kupima katika sehemu nyingi: juu ya mji, baada ya mashamba, kwenye bomba la kila kiwanda, kwenye mlango wa mabwawa na kwenye mdomo wa ziwa. Bila hivyo tutabaki kunyoosheana vidole.

Na tayari tumewahi kuonja matunda ya kutokuwa na rekodi. Miaka ya 1990 heroe, ndio hao flamingo, walikufa kwa maelfu Nakuru na Bogoria. Watafiti walitaja madini mazito, sumu ya mwani na maambukizi ya bakteria. Mpaka leo hakuna jibu moja ambalo wote wanakubaliana. Kifo kikija na hakuna vipimo vya kila msimu vya kulinganisha, kila mtu hubaki na nadharia yake, na mwenye kosa, kama yuko, anapita katikati.

Unachoweza kufanya wewe

Usifunge ukurasa ukidhani hii ni kazi ya wenye koti jeupe.

Kwanza, mto unasomeka kwa macho. Geuza mawe kwenye maji yanayotiririka, ukiwa na buti na glavu tafadhali, na uangalie wadudu walio chini yake. Kuna vibuu vyenye mikia myembamba kama nyuzi ambavyo huishi pale tu maji yana oksijeni ya kutosha. Kuna vijinyoo vyekundu vinavyostahimili uchafu. Ukipata vya kwanza juu, kabla ya mji, na ukapata vya pili pekee chini ya bomba fulani, una swali la kuuliza. Watafiti wa Egerton wamewatumia wadudu hawa kuusoma Mto Njoro kwa miaka mingi. Klabu ya mazingira ya shule yako inaweza kujifunza njia hiyo kwa wikendi moja. Si ushahidi wa mwisho, lakini ni kengele.

Pili, uliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ndiyo, Kiswahili. Andika kwa kampuni ya maji ya Nakuru, kwa NEMA, kwa kaunti: tunaomba matokeo ya vipimo vya majitaka yanayoingia Ziwa Nakuru kwa miezi 12 iliyopita, na vipimo vya samaki vilivyofanywa tangu 2021. Usitukane, usilaumu, omba. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki na Utawala, ile ya Ombudsman, inayopokea malalamiko hayo.

Tatu, jua una kiti mahakamani. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini kuitetea bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Kama unadhani hayo ni maneno ya vitabuni, waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Mtaa wa kawaida kama wetu, jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri. Walipima damu na udongo, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya Sh1.3 bilioni, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Safari ilikuwa ndefu na wengine hawakuishi kuiona mwisho wake. Lakini kilichowabeba ni vipimo vilivyoandikwa, vyenye tarehe.

Tunachodai

Msimamo wetu ni huu. Majitaka yanayoelekea Ziwa Nakuru yapimwe kwa viumbe hai, si kwa kemia ya karatasi pekee, angalau kila baada ya miezi mitatu. Yapimwe yakiwa yamechanganywa na maji ya ziwa lenyewe, kwa sababu magadi hubadilisha kila kitu. Samaki wanaovuliwa wapasuliwe na kupimwa nyama kila msimu. Na matokeo yabandikwe mahali watu wanapopita: kwa chifu, sokoni, kwenye kituo cha matatu, kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki ataelewa bila kuitiwa mtafsiri.

Maana huyo mama si adui. Naye analisha watoto wake samaki wale wale wanaobaki kwa beseni. Anastahili kujua anauza nini, na wewe unastahili kujua unanunua nini. Vipimo vikija safi, tutamla samaki wa Nakuru kwa raha na kumtangaza. Vikija vichafu, tutajua mlango wa kubisha.

Mpaka siku hiyo, ukipita Rhonda jioni na mtu akakwambia "si unaona wako hai," mwambie polepole: na sisi pia tuko hai, lakini hakuna aliyetupima.